Msimamizi Asiyekaa

Kwetu milimani habari mbaya haisemwi kwa mtu aliyesimama. Ukiwa nayo unamwambia mwenzio, "Kaa kwanza," unamsogezea kigoda, unampa maji anywe, ndipo unafungua kinywa. Ndivyo tulivyolelewa. Aliyesimama anaweza kuanguka, na nani anataka kumwangusha mtu kwa maneno? Sasa niambie wewe unayesoma: mtu ambaye hakai kabisa, asubuhi hakai, mchana hakai, habari mbaya itampatia wapi?

Hezekia Shemboza alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao cha Kwemwangati, juu ya Lushoto, ndani kabisa ya msitu, mahali ambapo ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Zamani kiwanda kilikuwa cha Mgiriki mmoja. Mgiriki huyo alikuwa na kiti cha kukunja, na alikikalia tangu asubuhi mpaka jioni, chai mkononi, akiwafokea watu bila kuinua hata kisigino. Hezekia enzi hizo alikuwa kijana mpasua mbao, jasho na vumbi mpaka kwenye kope, na aliapa moyoni mwake: siku nchi ikiwa yetu na kiwanda kikiwa chetu, mimi sitakaa. Uhuru ukaja, Azimio likaja, Mgiriki akaenda zake na kiti chake, shirika la umma likachukua mashine, na Hezekia akapewa usimamizi.

Na kweli hakukaa. Alitembea. Kutoka kwenye msumeno mpaka kwenye rundo la mbao, kutoka kwenye rundo mpaka ukingoni mwa bonde, kutoka ukingoni mpaka jikoni kwa wapika uji, akisema huku anatembea, akila kiazi huku anatembea. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake unaikuta iko nyuma yako. Watu wakampa jina, Hakai. Lilipomfikia masikioni hakukasirika, alilipenda! Akaanza hata kujisifu nalo mbele ya wageni. Mbao zilitoka, tusimnyime haki yake. Shule zilizoezekwa miaka ile huku kwetu, nyingi zimesimama kwa mbao za Kwemwangati. Lakini ngoja.

Miti ya podo na mwangati ilikatwa chini bondeni, na kazi ya kupandisha magogo ilikuwa ya winchi. Winchi ni mashine ya kuvuta. Ilikaa juu ukingoni, ikizungusha waya mnene wa chuma, na mwisho wa waya palikuwa na mnyororo. Mtu mmoja alisimama chini, akalifunga gogo kwa mnyororo, akapiga mbinja, na aliye juu akavuta. Mtu wa chini alikuwa Rubeni. Huyu alikuwa mdogo wake Bertha, na Bertha ndiye mke wa Hezekia, kwa hiyo Rubeni alikuwa shemeji yake wa tumbo moja na mkewe. Mtu wa juu, mwendesha winchi, alikuwa Sefania, mtu mpole, mzee wa kanisa, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake.

Waya ule ulikuwa wa Mgiriki, na ulikuwa unakufa. Nyuzi zake zilikatika mojamoja na kusimama nje kama miiba. Sefania aliziona zikimpitia mbele ya macho kila siku. Rubeni aliziona. Wapika uji walijua, maana waume zao waliwaambia. Kila mtu pale alijua kwamba waya ukikatika na gogo liko katikati ya mteremko, aliye chini hana pa kukimbilia. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye peke yake aliyekuwa na amri ya kuizima mashine.

Maana Hezekia alikuwa na sheria zake. Ukingoni palining'inizwa kipande cha reli, kikigongwa ndiyo kengele ya kazi. "Chuma kikilia, mashine iwake, nipo, sipo," alisema. "Na mashine haizimwi mpaka niseme mimi." Alikuwa anaogopa uvivu kuliko alivyoogopa kifo. Kulikuwa na kijana wa Handeni, Hamisi, aliyewahi kusema mbele za watu kwamba msumeno umekuwa butu na utamkata mtu. Hezekia alimjibu akiwa mwendoni kwamba kama anapenda kunoa, arudi kwao akanoe majembe. Hamisi alirudi kwao kweli. Wengine wakatazamana, wakajifunza.

Sefania alijaribu. Siku moja Hezekia alipopita karibu na winchi, Sefania alivua kofia, akapangusa gogo dogo kwa mkono wake, akasema, "Shikamoo, tate. Kaa kwanza kidogo." Tate ni baba, kwa Kishambaa, na Sefania hakuwa mdogo kiasi hicho, alisema kwa heshima tu.

"Marahaba. Mgiriki alikaa, tukamfukuza," Hezekia akajibu, na huyo, kapita.

Rubeni naye alijaribu, kwa njia ya utani wa mashemeji. "Shemeji, ukipata nafasi ukae kidogo, nina neno nawe."

"Nafasi ya kukaa nitaipata kaburini, shemeji."

Rubeni alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mke wake alikuwa na mimba ya kwanza na kila kitu kilimfurahisha. Akarudi bondeni. Mimi nasema, wallahi ningekuwa Rubeni ningemshika shati. Lakini ni rahisi kusema ukiwa hukulelewa na mama yake Rubeni, mtu hamshiki mkubwa wake shati.

Hata Bertha alijaribu, nyumbani kwake mwenyewe. "Baba Danieli, kaa kwanza, nina jambo la kule kwetu." Hezekia alikuwa anafunga viatu akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya kizingiti. Alisema jioni. Jioni alisema kesho.

Mvua za masika zikaingia. Mteremko ukawa utelezi, magogo yakawa mazito kwa maji, na waya ukawa unalia ukivuta. Ndipo mama mkwe wake Hezekia, bibi Efrazia, mama yao Bertha na Rubeni, alipotuma mtu: mwambieni mkwe wangu apite kwangu asubuhi kabla ya kazi.

Basi hapo hapana ujanja. Kwetu mtu anaweza kumpita mchungaji njiani, anaweza kumpita mwenyekiti wa kijiji, lakini mama mkwe akikuita, unaenda, na akikupa kigoda, unakaa. Hezekia alifika alfajiri ukungu ukiwa umetanda mpaka kwenye migomba. Efrazia alikuwa amemwekea kigoda nje, yeye mwenyewe ameketi ndani ya mlango, uso upande, kama desturi ya mkwe na mkwe inavyotaka. Hezekia akaamkia, akakaa. Magoti yalimwuma, ati, kwa kukosa mazoea. Akaletewa maji, akanywa.

"Mkwe wangu," Efrazia alisema kuelekea ukutani, "waya wa mashine yako unakatika. Nyuzi zimesimama nje. Wote wanajua. Mwanangu yuko chini yake."

Hofu ilimshika Hezekia. Halafu, kama kawaida ya watu wa namna yake, hofu ikageuka hasira. "Mbona hawakuniambia, mama? Mimi nipo nao kutwa nzima! Mbona wanakuja kusema kwako?"

"Wakuambie wapi, baba? Mgongoni?"

Hapohapo chuma cha reli kikalia kule juu. Kililia vizuri, kwa bidii, namna yeye mwenyewe alivyowafundisha. Chuma kikilia, mashine iwake, nipo, sipo. Hezekia aliinuka, kigoda kikaanguka, akakimbia.

Njia ya kutoka kwa Efrazia mpaka kiwandani ni kupanda tupu. Alipanda akishika mizizi, akiteleza, akiinuka, na njiani alisikia winchi ikiwaka na kuanza kunguruma. Alijisemea, gogo la kwanza huwa dogo. Alijisemea, Sefania huwa anavuta taratibu. Alifika ukingoni mikono juu, akipiga kelele, "Zima! Zima!" Sefania alikuwa amempa mgongo, na ndani ya mngurumo ule hata radi isingesikika.

Waya ulipokatika haukutoa mlio mkubwa. Gogo lilisimama kidogo, kama linalofikiri, kisha likarudi kule lilikotoka. Rubeni alikuwa ameinama akichagua mnyororo wa gogo la pili.

Sitayaeleza ya chini bondeni. Waliomtoa walimfunika kwa makoti yao, na Hezekia alishika upande wa kichwa. Kisha akaanza kuteremka njia ileile, maana habari ile ilikuwa yake kuipeleka, hakuna mwingine. Efrazia alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake la maharage. Mama huwa anajua.

"Mama, kaa kwanza," Hezekia alisema.

"Sikai," alisema Efrazia. Sasa alikuwa akimtazama usoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu siku ya harusi. "Wewe ulikaa, nikakwambia. Ilisaidia nini? Sema nikiwa nimesimama."

Akasema.

Walimzika Rubeni kwenye shamba la baba yake. Watu walikuja kutoka Mlalo na Soni, kwaya ikaimba, mwinjilisti akasema mapenzi ya Mungu, na Hezekia aliyekuwa nyuma ya umati alitaka kupiga kelele kwamba Mungu asisingiziwe. Bertha hakumwambia neno baya. Alimpikia, akamfulia, akamjibu alipoulizwa. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia kuni zikipasuka jikoni, na kimya kile kilimtisha kuliko matusi. Alianza kuelewa kwamba alikuwa ameishi ndani ya kimya kama kile kwa miaka, kule kiwandani, akikiita nidhamu.

Jumapili moja baada ya matanga hakwenda kanisani. Alitembea mpaka Irente, pale ambapo mlima unakatika ghafla na unaona tambarare yote ya chini mpaka macho yachoke. Akakaa kwenye jiwe. Akawakumbuka mmojammoja: Sefania akipangusa gogo, Rubeni akicheka, Bertha na jambo la kule kwao, Hamisi wa Handeni na mzigo wake kichwani. Kila mmoja alikuwa amemletea uhai wa Rubeni mkononi, naye akawapita. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya asiyesikia la mdogo hawakutuambia, labda kwa sababu guu linalovunjika huwa si lake. Hezekia alilia pale juu mpaka ukungu ukapanda kutoka bondeni ukamfunika. Mgiriki alikaa na hakusikia, alijiambia, na mimi nilisimama na sikusikia, basi tofauti yetu ni nini?

Shirika halikumwondoa. Walisema ajali ni ajali, wakaleta waya mpya, wakataka mbao zilizochelewa. Hezekia akarudi kazini, na asubuhi ya kwanza alifanya jambo ambalo watu walidhani ni kichaa. Alimzuia mgonga chuma. Akawaita wote ukingoni, akaagiza uji uletwe pale, akakaa juu ya gogo.

"Kaeni," akasema. "Chuma hakitalia mpaka tumeongea. Nani ameona nini?"

Mtu akakohoa. Uji ukapoa.

"Na kuanzia leo, yeyote akiona hatari, aizime mashine. Asinitafute. Aizime."

"Ndiyo, tate," wakajibu kwa pamoja, na Hezekia akajua kwamba hawajamwamini hata kidogo. Wangemwaminije? Zamani alikuwa akisema maneno matamu pia, siku za Saba Saba.

Sefania alikuwa hajamsemesha tangu siku ile. Alikuja mara moja tu, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba winchi haitaki tena, apewe mwingine, yeye ateremke bondeni akafunge minyororo mahali pa Rubeni. Hezekia alimtazama, akaelewa kwamba huyu naye hapati usingizi. Akamkubalia. Winchi ikapewa Juma, mfanyakazi aliyekuja kutoka mashamba ya chai ya Kwamkoro, mtu wa mkono mwepesi.

Basi wakawa wanakaa kila asubuhi. Wiki zikapita za kukohoa na kutazama miguu. Hezekia aliuliza, akanyamaza, akangoja, na kungoja kulimtesa kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, miguu ikimcheza yenyewe chini ya gogo. Mara nyingi alitaka kuinuka awafokee: semeni basi, mnataka nini tena! Akauma midomo. Siku moja mtu akasema mpini wa shoka lake umelegea. Hezekia aliuangalia mpini ule kana kwamba ameletewa mtoto mchanga, akaagiza ubadilishwe palepale kabla ya kazi. Kesho yake mwingine akasema ngazi ya stoo imeoza. Baadaye mpika uji, Mwanahawa, akasema moshi wa injini unaingia jikoni na wanaumwa vifua. Vidogovidogo. Walikuwa wanamjaribu, kama mtu anavyojaribu uji wa moto kwa ncha ya kidole. Na lile kubwa, ruhusa ya kuizima mashine, hakuna aliyeigusa. Iliwatisha. Kila gogo lililopanda Hezekia alilitazama mpaka likafika juu, na moyo wake haukutulia mpaka jioni.

Mwaka ule ulikuwa umetoka Mwongozo wa TANU, na wakubwa wakawa wanapita kwenye viwanda kuusoma. Kwemwangati alikuja Ndugu Lucian wa shirika, na Landrova, na wageni wa kijiji kipya cha Ujamaa waliokuwa wanasubiri mbao za shule. Ndugu Lucian aliwasomea watu kwamba kiongozi hatakiwi kuwa na majivuno, akawasomea akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya ukungu. Kisha akataka kuona kazi. Gogo kubwa kuliko yote lilikuwa limefungwa. Juma akawasha, waya ukakaza, gogo likaanza kupanda, wageni wakapiga makofi.

Hapo ndipo sauti ilipotoka bondeni. Haikuwa sauti ndogo tena.

"Hezekia! Zima mashine! Zima, wewe, zima!"

Ni Sefania. Alikuwa anapanda mteremko kwa mikono na miguu, tope mpaka kichwani, akimwita mkubwa wake jina tupu, bila tate, bila shikamoo, mbele ya wageni wa serikali. Na Hezekia, Hakai yule wa zamani, hakufikiri. Aliruka, akashika mkono wa Juma, wakaizima pamoja. Gogo likafungwa kamba kwenye mti. Waya ukateremshwa, ukapitiwa wote kwa mikono, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Ulikuwa mzima. Kilichokuwa kimesimama nje ya waya, kile Sefania alichokiona kutoka chini kama nyuzi zilizokatika, kilikuwa mtambaa wa msituni, mmea tu, uliojisokota kwenye chuma.

Mtu akacheka, akanyamaza haraka. Ndugu Lucian alivua miwani. "Mnazima mashine ya umma kwa ajili ya majani? Na huyu mtu anakuita hivyo mbele yangu, wewe msimamizi umesimama tu?"

Kila jicho lilikuwa kwa Hezekia. Sefania alisimama kichwa chini, akingoja aambiwe arudi kwao. Hezekia alijua wazi kwamba kila alichojenga kwa uji ule wa asubuhi kilikuwa mikononi mwake sasa hivi, na kwamba kwa neno moja tu watanyamaza tena, na safari hii watanyamaza mpaka mwisho.

"Sefania," akasema, "umefanya vizuri. Ukiona tena, niite hivyohivyo. Sauti ileile."

Sefania akaketi kwenye tope akalia kama mtoto. "Mara ya kwanza nilinyamaza," alisema. "Nilimwona Rubeni anateremka, nikanyamaza."

"Tulinyamaza wote," akasema Hezekia. "Na mimi ndiye niliyewanyamazisha."

Landrova iliondoka bila kuaga. Haikuchukua muda, amri ikaja: Hezekia Shemboza si msimamizi tena. Ndugu Lucian alikuwa ameongeza kejeli kidogo, kwamba kwa vile anapenda mno wafunga minyororo, akafunge minyororo naye. Sefania akarudishwa kwenye winchi. Msimamizi mpya alitoka Tanga, Thomas, kijana aliyetoka mafunzoni, si mtu mbaya, nguo safi, saa mkononi, haraka tupu. Uji wa asubuhi ukingoni aliufuta siku ileile. "Vikao viko vya kutosha," alisema. Chuma kikarudi kulia mapema, na ile ruhusa ya kila mtu kuzima mashine ikafutwa nayo.

Mvua zikaja tena. Waya haukuwa mpya tena, na asubuhi moja Hezekia alipoushika chini bondeni, kitu kilimchoma kiganjani. Alitazama vizuri, akakata kila jani lililokuwa karibu ili asijidanganye. Hayakuwa majani.

Alipanda juu. Thomas alikuwa anaelekea kwenye rundo la mbao, na Hezekia hakutafuta kigoda wala maji. Alitembea ubavuni mwake, akihema, akamwambia waziwazi: waya unakatika, ulishaua mtu hapa, usivute leo.

"Nimekusikia, mzee," Thomas alisema, na hakupunguza mwendo. "Nitaliangalia wiki ijayo. Wewe teremka."

Angeweza kukataa. Lakini akikataa yeye atateremshwa mwingine, na waliokuwa wamesimama karibu walikuwa vijana wenye watoto wadogo. Hezekia aliwaambia wote wabaki juu, mtu asimfuate. Alipita kwenye winchi. Sefania alikuwa amesikia kila kitu. Hezekia aliteremka peke yake ndani ya ukungu, akalifunga gogo, akajibanza nyuma ya kisiki, kama kisiki kinaweza kuzuia gogo la podo, akapiga mbinja.

Mashine ikanguruma. Waya ukakaza, ukalia. Gogo likainua kichwa, likaanza kwenda. Hezekia aliomba, na hakuomba kwa maneno ya kanisani, alikuwa anasema tu jina la mkewe. Gogo likafika pale pale mteremkoni ulipokatikia waya siku ya Rubeni.

Halafu kimya. Ngurumo ilikatika yote kwa mara moja, na chini pale, ndani ya weupe ule, hapakuwa na namna ya kujua kama kilichokatika ni waya au ni mashine. Alifumba macho, akangoja mlio wa gogo likirudi. Akangoja.

Kilichomfikia kilikuwa sauti ya Thomas, kali, kutoka juu: "Nani amekuamuru uzime?"

Na sauti ya Sefania, ambayo siku hizi ilikuwa kubwa: "Hakuna. Nimeizima mimi, na siiwashi." Vikasikika vishindo vya vijana wakiteremka mteremko na kamba, kisha Sefania akaita bondeni, "Hezekia! Gogo limefungwa kwenye mti. Panda!"

Hezekia alipanda akishika mizizi kwa mikono yote miwili. Alipofika ukingoni, Juma alikuwa tayari ameingiza mkono kwenye waya akihesabu nyuzi, na wenzake wote walikuwa wamesimama kuizunguka winchi, hakuna aliyekwenda kazini. Thomas alikuwa njiani kwenda ofisini kuwapigia simu wakubwa wa Lushoto. Hezekia akaenda kusimama karibu na Sefania, wakaingoja Landrova ya wakubwa pamoja.